Sampuli ya Kelele

Mtu alikohoa nyuma ya kiti cha Apolonia, na nyuma ya kiti cha Apolonia hakukuwa na mtu.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Saa tisa alasiri, jua linachoma mabati ya mtaa wa Somanda mpaka yanalia, na hedifoni zilikuwa shingoni mwake, hajazivaa. Akageuka. Akaona godoro kuukuu walilolipigilia ukutani kuzuia mwangwi, na kalenda ya parokia. Akajiambia huyo ni Sylvester, mtangazaji, anapita koridoni, akarudi kwenye kazi yake. Sylvester siku hiyo alikuwa Mwanhuzi kwenye mnada wa ng'ombe, na Apolonia alilijua hilo vizuri sana. Lakini binadamu tukitaka kudanganyika hatuhitaji msaada wa mtu.

Ngoja nikueleze ilivyoanza, maana kikohozi hicho hakikutoka hewani.

Redio Ngitili ilikuwa vyumba vitatu vya kupanga, mnara wa mabomba, na kompyuta moja iliyopumua kwa shida. Ni miaka ile serikali ilipokwisha kuruhusu redio za watu binafsi, kila mji ukataka ya kwake, na Bariadi, wakati huo bado iko chini ya Shinyanga, haikukubali kuachwa. Meneja alikuwa Januarius, mtu mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabara ya hospitali. Apolonia alikuwa fundi wa sauti. Mumewe alipofariki, wakwe walimtoa nyumbani yeye na binti yake mchanga, na ni Januarius aliyempa kazi bila kuuliza cheti. "Dada, masikio yako ndiyo cheti," alimwambia. Hata sare ya kwanza ya shule ya mtoto aliishonesha Januarius.

Mtoto huyo ni Precious, miaka sita. Alimwita Januarius mjomba. Na alikuwa msemaji, jamani! Akitoka shule alikuja redioni anaanza kusema tangu mlangoni: mwalimu kafanya hivi, mbuzi wa jirani kafanya vile, mama mbona hunisikilizi. Apolonia alilalamika kwa mdomo tu. Mume alikuwa kaburini, nyumba wameshachukua wengine, na sauti ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya kumfanya aone kesho ina maana.

Basi mwaka huo Januarius alirudi kutoka Mwanza na CD tatu kwenye bahasha.

"Programu za bure, dada. Tunaachana na habari ya kukaa kubadilisha kaseti. Kompyuta itapiga yenyewe: wimbo, tangazo, wimbo, saa ikigonga taarifa ya habari. Wewe chagua moja."

"Rahisi ghali, bosi."

"Hii siyo rahisi, hii ni bure. Bure haina ghali!" Akacheka, ukuta ukatikisika.

Apolonia alizijaribu wiki mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno, ya rangi rangi, lakini siku ya kumi ikagoma ikidai namba ya leseni. Ya pili ilisahau kila kitu umeme ukikatika, na umeme wa Bariadi ulikatika kila ulipojisikia. Ya tatu ilikuwa na sura mbaya, vitufe vya kijivu vitupu, ila umeme ukirudi iliendelea palepale ilipoishia, leseni haikuuliza, na ndani ya CD hiyo hiyo ilikuja na mwenzake wa kuhariri sauti. Huyo mwenzake ndiye aliyemteka Apolonia, kwa sababu aliweza kuondoa kelele. Unamchagulia kipande kidogo chenye kelele peke yake, ya feni au ya upepo, unamwambia hii ndiyo kelele, ijue. Kipande hicho kiliitwa sampuli. Kisha anapita kwenye rekodi yote na kuifuta kila mahali ilipojificha. Ukihifadhi mpangilio huo, ile programu ya kupiga vipindi inaupitisha kwenye kila kitu kinachokwenda hewani, hata kwenye maikrofoni.

"Hii hapa," Apolonia alisema. Alijisikia mtu mwenye akili, na siku hiyo alistahili.

Rekodi ya kwanza aliyoisafisha ilikuwa ya Jilala wa Migato.

Jilala alikuwa ningi, yaani kiongozi wa nyimbo katika mbina, zile ngoma za mashindano zinazochezwa pamba ikishavunwa. Na ningi wa kweli haanzi kuimba hivi hivi tu. Kwanza huita. Anasogeza mdomo kwenye ngozi ya ngoma iliyotoka kupashwa moto, anataja kwa sauti ya chini kabisa majina ya waliomrithisha wimbo, wafu wote kwa zamu yao, na mwisho jina lake yeye aliye hai. Hapo wimbo umepata ruhusa. Vijijini hilo halifundishwi, watu wanazaliwa nalo. Apolonia alilelewa na masista wa parokia, Kisukuma chake ni cha sokoni, na alichosikia mwanzoni mwa rekodi ni sekunde hamsini za mzee anayekoroma kooni. Hakuna feni, hakuna ngoma, hakuna wimbo. Akakichagua kipande chote. Akaiambia programu: hii ndiyo kelele.

Wimbo ulitoka safi. Dakika tatu kamili, mpaka wauza mafuta wa stendi wakaupenda. Faili la asili likafutwa kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa, na mkanda wenyewe ukarekodiwa bei za pamba juu yake.

Jilala alikuja mara tatu, kwa baiskeli, kutoka Migato.

"Mwadila, baba," alimwamkia Januarius, ingawa kwa umri angeweza kumzaa. "Wimbo wangu mmeukata kichwa. Unatembea hewani hauna kichwa."

"Mzee wangu, redio siyo uwanja wa mbina. Redio ni dakika tatu."

Mara ya pili aliomba wampe nafasi aite upya. Wakamwambia ratiba imejaa. Mara ya tatu hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Uwanjani nasikiwa na watu mia tano. Redioni nimesikiwa na nchi nzima. Na wao wamesikia pia kwamba sikuwaita."

"Wao nani?"

"Masamva. Wazee wangu waliotangulia."

"Basi waambie wapige simu studio," alisema Januarius, "tuwachagulie wimbo na salamu!" Akacheka mpaka akashika meza. Hakuwa mtu mbaya, nakuapia. Kicheko ndicho kilikuwa mlango wake wa kutokea kwenye mazungumzo magumu. Apolonia alikuwepo, akainamisha uso, na yeye akatabasamu kidogo, kwa adabu ya kazi.

Jilala akavaa kofia yake. "Watapiga," alisema.

Mwezi wa saba aliingia uwanjani mbele ya wapinzani wake, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Hata mkwaruzo. Alikaa siku thelathini hivyo, akiandika kwa kidole mavumbini akitaka maji. Siku ya thelathini na moja walimzika. Na kile kikohozi cha saa tisa, nyuma ya kiti cha Apolonia, kilikuja alasiri ile ile ya mazishi.

Baada ya hapo ikaja harufu. Ngozi mbichi ya ng'ombe iliyosogezwa mno motoni, harufu ya manyoya yanayoungua, ilijaa studio kila saa tisa na kuondoka saa kumi. Walitafuta panya aliyekufa, hawakumpata. Kisha sindano za mitambo, zile zinazoruka mtu anaposema, zikaanza kuruka studio ikiwa tupu, polepole, zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka, na Sylvester akaapa kwamba aliona sponji ya maikrofoni ikilowana mate.

Simu ilipigwa Alhamisi, katikati ya kipindi cha salamu.

Sylvester alipokea hewani kama kawaida. "Redio Ngitili, nani mwenzangu?" Hakujibiwa. Ilisikika sauti ya chini inayokoroma, haina maneno, na Apolonia aliyekuwa upande wa pili wa kioo alihisi nywele za mikononi zikisimama, kwa sababu aliijua, aliisikiliza mara kumi siku ile ya kusafisha rekodi akiipima ilipoanzia na ilipoishia, sekunde hamsini, na sasa akajikuta anahesabu bila kutaka, arobaini na nane, arobaini na tisa, hamsini, na ilipofika hamsini haikukatika, iliendelea, ikaendelea, harufu ya ngozi ikaanza kuingia kwa chini ya mlango, Sylvester akaongea kwa nguvu kuifunika, akaongea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na sindano yake kwenye mitambo ilikuwa imelala kabisa, haitikisiki, na simu ya pili ikaanza kuita, mama mmoja wa Migato anauliza mbona mtangazaji kanyamaza.

Sylvester nje ya studio alisema vizuri tu. Mbele ya maikrofoni yoyote hakusikika tena. Wiki iliyofuata alipanda gari la kwao na hakurudi kuchukua mshahara.

Ukiniuliza mimi, hapo Apolonia angefunga mlango akaenda kuuza nyanya. Lakini kodi ya chumba haijui habari ya masamva. Jumatatu alijaribu mitambo mwenyewe, na Precious alikuwa pembeni, kamaliza shule, ana la kusema. Apolonia alihitaji mtu wa kusema kwenye maikrofoni ili yeye akae kwenye sindano.

"Kaa hapo, useme moja, mbili, tatu."

Precious akapanda kiti kwa furaha, akasogeza mdomo. Apolonia aliona midomo ya mwanaye ikicheza nyuma ya kioo. Sindano haikuamka.

Mtoto akatoka mbio. "Mama, mbona haisiki...?"

Ikaishia hapo. Midomo iliendelea, neno halikuja. Precious akajishika koo, akamtazama mama yake, akajaribu tena, kisha akalia, na kile kilio kilitoka machozi matupu. Mungu nisamehe, hakuna jambo baya kama kumwona mtoto analia bila sauti.

Apolonia alifuta ule mpangilio. Akafuta programu ya kupiga vipindi na mwenzake wa kuhariri, akaivunja CD kwa kisigino, akafuta kompyuta yote mpaka ikabaki kopo. Hospitali walimulika koo, wakasema ni zima. Padre alimwekea mikono, Precious akatulia na kulala, asubuhi akaamka bubu vilevile. Siku zikafika kumi, zikafika kumi na tano, na Apolonia alizihesabu kwenye kalenda ya parokia kwa kalamu nyekundu, kwa sababu aliijua hesabu ya Jilala. Usiku hakulala. Aliweka sikio kifuani mwa mtoto na kusikiliza pumzi, na ilipofika siku ya ishirini aliona pumzi nayo inapungua.

"Nenda kwa mfumu," Januarius alimwambia. Alikuwa amekonda, hacheki tena ovyo. "Mimi siyaamini hayo, dada. Lakini nenda. Nitakupa gari."

Mfumu, yaani mganga, alikuwa Mwanhuzi, anaitwa Thomasi. Ndiyo, Thomasi, alibatizwa, usicheke. Alimpasua kuku, akamfungua kifua, akapekua kwa ncha ya kisu huku nzi wakimzunguka.

"Hakuna mchawi hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Mayu, mama, nani uliyemwita kelele?"

Apolonia alianza na ile sampuli. Akaeleza yote.

"Hao siwezi kuwafukuza," Thomasi akasema. "Walishafukuzwa mara moja, ndiyo maana wako mlangoni kwako. Wanataka kuitwa walipokatiwa, kwenye redio hiyo hiyo, wote, bila kukatwa. Mimi majina siyajui. Yanajulikana na mjane wa huyo ningi."

"Na mtoto?"

"Siku ngapi leo?"

"Ishirini na sita."

Thomasi alifuta kisu chake kwenye majani. "Basi usilale njiani."

Walimkuta Salu, mjane wa Jilala, shambani kwake Migato, anachoma mabua ya pamba. Mwanamke mrefu, mkavu, khanga moja kiunoni na nyingine begani. Apolonia alipiga magoti kwenye majivu ya moto, Precious pembeni yake.

"Mwadila, mayu."

Salu aliendelea kusukuma mabua motoni. "Mume wangu alikwenda kwenu mara tatu. Baiskeli ile pale, haina hata tairi. Mara tatu!"

"Nimekosa, mayu. Sikujua. Nilidhani ni kusafisha koo tu."

"Umekosa kwa kutojua." Akamtazama Precious, akamtazama sana, na uso wake ukalegea kidogo, kisha ukarudi palepale. "Na aliyecheka?"

Apolonia alimvuta Precious karibu.

"Jilala aliniandikia hapa, kwa kidole, kabla hajafa. Hakuandika habari ya kukatwa. Aliandika kwamba alichekwa, yeye na wazee wake. Huyo aliyecheka ni nani?"

"Ni bosi wangu. Lakini ana moyo mzuri, mayu. Kanisaidia sana."

"Wito haufungwi kwa jina la maiti," Salu alisema. "Majina ya wafu yanakwenda, yanakwenda, mwisho anatajwa aliye hai. Huyo ndiye wanayemshika. Jilala alikuwa wa mwisho, sasa na yeye yuko upande ule. Nikiita leo nitahitaji mtu wa kufungia."

"Nitaje mimi."

"Ukamatwe wewe, halafu huyu alelewe na nani?" Salu akachoma fimbo yake motoni. "Nitakuja. Lakini nikianza, usinikate. Ukikata hata pumzi moja, mtoto wako mimi simo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jina la huyo bosi wako?"

Moshi uliwaingia machoni wote. Precious alikuwa amejilaza begani kwa mama yake, na pumzi yake ilikuwa inakuja kwa taabu, moja, kisha kitambo, kisha nyingine.

"Januarius," alisema Apolonia.

"Mwana wa nani?"

"Wa Paschal Mayige."

Salu aliitikia kwa kichwa. Hakusema zaidi, na Apolonia hakuuliza zaidi. Njia nzima ya kurudi Bariadi alijiambia kwamba ameulizwa jina, amelitaja jina, hakuna ubaya mtu kutaja jina. Alijiambia hivyo mpaka walipofika, na hakujiamini hata mara moja.

Januarius alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. "Kwa ajili ya Precious? Hata saa mbili chukueni. Matangazo yote nayaondoa." Akambeba mtoto, akazunguka naye uani, akimwimbia vitu vya kijinga ili acheke. Precious alicheka mdomo wazi, kimya kimya. Apolonia alisimama kwenye kivuli cha mnara, na kooni kwake neno lilikuja mara mbili likarudi. Angesema nini? Ondoka mji huu, bosi? Na Precious je?

Siku ya ishirini na tisa, saa tisa alasiri, Salu aliingia studio na ngoma ndogo ya mumewe, ngozi imetoka motoni. Harufu ile ile. Januarius alikaa mbele yake kwenye kiti cha mgeni ili amtambulishe. Apolonia alikaa upande wa pili wa kioo, kwenye mitambo, Precious mapajani, hapajawekwa programu yoyote, waya mtupu kutoka maikrofoni mpaka mnarani. Kidole chake kilikuwa kwenye swichi ya maikrofoni kwa sababu hapo ndipo kidole cha fundi kinapokaa.

"Wasikilizaji wetu," alisema Januarius, na sauti yake ilikuwa na unyenyekevu wa kweli, "leo tunarekebisha kosa letu. Karibu, mama."

Salu akainamia ngozi. Akaanza.

"Luhende," alinong'ona, na sindano ikaamka. "Ngasa mwana wa Luhende." Upepo ukapiga mlango wa nje. "Makoye." Precious akashtuka mapajani, na kooni mwake kikapita kitu chembamba, si sauti bado, kama uzi unaovutwa. "Shigela." Uzi ukanenepa. Kila jina lilipotoka, taa za mitambo zilififia na kurudi, na koridoni, nje ya mlango wa chumba cha mitambo, zilisikika nyayo, nyayo za miguu mitupu ya watu wasio na haraka, wakifika mmoja mmoja kadiri wanavyoitwa na kusimama, Nkwabi akasimama, Sahani akasimama, Ng'hwani akasimama, mpaka ilionekana koridoni hakuna tena nafasi ya kupita mtu, na Precious alikuwa anagumia sasa, gumio la mtoto anayeota, gumio lenye sauti, la kwanza kwa siku ishirini na tisa, na Apolonia alilia hadi machozi yakadondoka kwenye mitambo, "na Jilala," Salu alisema, "mume wangu, Jilala," na nyayo za mwisho zikaja zikisuasua, za mtu aliyezoea baiskeli, zikasimama mlangoni kabisa.

Kimya.

Fundi wa sauti anaijua pumzi. Kabla mtu hajataja jina, anavuta hewa, na hewa hiyo ina urefu wake. Apolonia aliisikia kwenye hedifoni. Salu aliinua kichwa kutoka kwenye ngozi, akamkazia macho Januarius aliyekuwa anatabasamu mbele yake, akavuta hewa. Kidole cha Apolonia kilikuwa juu ya swichi. Nafasi ilikuwepo, nataka ujue hilo. Ilikuwepo nafasi ya kutosha.

Aliondoa kidole. Akamkumbatia mwanaye kwa mikono yote miwili.

"Na Januarius," Salu akasema, "mwana wa Paschal Mayige."

Akapiga ngoma pigo moja, akanyamaza.

Januarius alifungua mlango wa studio akaingia chumba cha mitambo, uso unang'aa kwa furaha. Alikuwa mtoto wa mjini kama Apolonia, hakuijua mila hata kidogo. "Umesikia, dada? Hata mimi nimetajwa! Mama kanipa heshima, mimi, na wazee!" Na hapo akacheka, kile kicheko chake cha zamani, kizima.

"Mjomba," alisema Precious.

Wote wawili wakaganda. Sauti ilikuwa yake, nyembamba, imekauka kidogo, yake kabisa. Januarius akapiga magoti, akamshika mashavu, machozi yakimtiririka. "Sema tena! Sema tena, mama yangu!"

"Mjomba, kuna wazee hapo mlangoni. Wanakuita."

"Wazee gani?"

"Wengi. Mmoja ameshika kofia."

Januarius alimtazama Apolonia, bado anatabasamu, akingoja aambiwe huyo ni nani. Apolonia alimwona mtu aliyempa kazi, aliyemshonea mtoto wake sare. Akahisi pumzi ya Precious shingoni mwake, ya moto, nzito, inaingia na kutoka bila taabu.

"Nenda, bosi," alisema. "Usiwaweke wageni."

Akaenda. Mlango wa koridoni ukafunguka, harufu ya ngozi ikaingia kwa nguvu, mlango ukafungwa. Walimsikia akisema, "Karibuni, waz...", na neno halikuisha. Kisha ukasikika mburuto, na kitu kizito kikigonga ukuta, mara moja, mara ya pili.

"Mama, mjomba anafanya nini?"

Apolonia alimgeuza mtoto uso wake uelekee kioo.

"Niambie yote uliyotaka kuniambia siku hizi zote," alisema. "Ya shule, ya mbuzi, yote. Sema, mwanangu. Sema kwa sauti kubwa."